Mayai Mawili ya Julai

Saa kumi na mbili na robo, Bwawa la Nairobi,
ukungu juu ya maji kama shuka lisilokunjwa.
Julai hii haijui kubisha hodi.
Imepita Lang'ata usiku kucha ikijaribu milango,
na sasa alfajiri imekuja kutafuta vidole.

Namkuta Mutindi gatini, katoka zamu ya usiku wodini,
macho mekundu, mfukoni glavu za mpira.
"Vaa hizi kwanza, zile za sufu juu.
Maji yakipenya sufu, yakute mlango wa pili."
Mimi nimekuja na dawa yangu:
mayai mawili ya kuchemsha, ya Shikuku wa stejini.
Alikuwa ameshashika kijiko cha kachumbari.
"Yaache na maganda yake," nikamwambia,
"haya si ya kula."
Akanitazama kama aliyemwona kuku akisoma gazeti.

Yai mfuko wa kulia, yai mfuko wa kushoto.
Kidole kimoja hakivunji chawa, walisema.
Leo hata kumi
havifungi zipu ya jaketi la kuokolea.

Tunaingia majini. Kulia, kushoto, kulia.
Tone linashuka na mpini,
linapenya mkono wa sweta,
linakwenda moja kwa moja kwapani
kama mwizi aliyewahi kuishi nyumba hiyo.

"Unalikaba," Mutindi anasema nyuma yangu.
"Kafi halikudai. Lilegeze.
Ngumi iliyokaza haina pa kupitishia damu."
Baadaye, tukiyazunguka magugu:
"Na hiyo damu ni mgeni mwenye haya.
Haitoki kwenda vidoleni
mpaka ione kifuani moto upo wa kutosha.
Kofia yako iko wapi?
Funga shingo. Mikono itafuata."

Pale magugu yalipoachia nafasi, tunatua makafi.
Kayaki inayumba, inatulia.
Navua glavu, natumbukiza mikono mifukoni.
Mayai yamepoa nusu:
joto la shavu la mtoto aliyelala.
Na hapo, sijui kwa nini,
naiona mikono ya mama.

Bomba la uani, Nairobi West,
Julai ya mwaka niliong'oka meno ya mbele.
Beseni tatu, mashuka ya watu,
na ule wekundu mpaka vifundoni
niliodhani amezaliwa nao.
Akipewa chai, hakuinywa.
Alikizungushia kikombe viganja vyote viwili
akanyamaza, kama anayesikiliza taarifa ya habari,
mpaka utando ukashika juu.
Miaka yote hiyo
nilijua mama hapendi chai.

"Umenyamaza," Mutindi akasema.
Nikampa yai moja. Akalimenya,
maganda akayatia mfukoni, asichafue bwawa
ambalo limekwisha kuchafuliwa na kila mtu.

Tukarudi. Vidole vikaanza kuamka,
na kuamka kwake ni siafu chini ya kucha.
Nilipiga kelele. Mutindi alifurahi:
"Vinavyouma ni vizima."

Yai la pili nilimpelekea mama.
Nikamweleza yote: ukungu, glavu, kafi,
na ada ya klabu, ambayo nilipaswa kuificha.
Akacheka mpaka akashika ubavu.
"Ngoja kwanza. Mimi nililipwa niishike baridi.
Wewe unailipia?"

Sikuwa na jibu. Sina hata sasa.
Ninachojua ni kwamba maji yale asubuhi
hayakuwa na shuka la mtu ndani yake,
na nilipochoka
nilikuwa huru kutoka.

Akachukua mikono yangu, akaigeuza huku na huku
kama anayekagua kola kama imetakata.
Yake ilikuwa na moto.
Sijui siku zote zile alikuwa ameuficha wapi.
"Kula yai lako," akasema. "Limeshapoa."