Mkono wa Kisumu

Otuoma ananiambia: fikiria kufunga ngumi.
Nafumba macho. Hakuna kitu.
Kwenye kioo cha kompyuta mstari umelala
kama nyoka aliyeshiba.
Jaribu tena, Bi Muhonja.
Lakini nani hufikiria kufunga ngumi?
Mkono haufungwi na wazo, unafungwa na mpini wa jembe,
na sikio la sufuria linalochoma,
na shilingi ishirini usiyotaka idondoke matopeni.

Basi nikaacha ngumi, nikawaza chumvi.
Chumvi ya mrenda, kile kiasi alichonionyesha mama
kwa vidole vitatu, bila kijiko.
Mstari ukaruka.
Pale mezani, hatua moja kutoka kisiki changu,
kidole cha chuma kikamgusa mwenzake
taratibu, kama kinachoogopa kumwaga.
Otuoma akasahau kuandika saa.

Ni vijisindano tisini na sita, walinieleza,
juu ya kibati kidogo kama ukucha wa mtoto,
chini ya fuvu, upande wa kushoto,
maana kushoto ndiko kunakotawala kulia.
Siku moja walinifungulia spika nijisikie:
bisi! Bisi zinapasuka kwenye sufuria iliyofunikwa.
Nikacheka hadi nesi akaja.
Miaka hamsini na mbili naishi humu,
sikujua kuna mtu anakaanga mahindi.

Kinu cha Malava hakikusikiliza. Kilikuwa na meno tu.
Jumanne, mvua, nalisha miwa,
mkanda wa mashine umeungwa kwa kamba ya katani.
Mkono ulitangulia.
Sijawahi kuuliza kama sukari guru ya siku ile
iliuzwa.

Tangu hapo, miaka sita, kiganja kisichokuwepo
kinaniwasha usiku, katikati kabisa.
Utajikunaje
mahali pasipo mahali?

Kila Alhamisi nilishuka Kisumu, ghorofa ya tatu, Milimani,
wakanichomeka waya kichwani kama pasi.
Nilivunja mayai saba. La nane nikalimenya.
Imbuga alikuja likizo ya Agosti,
akaamkiwa na chuma, akakitazama, akakitikisa mara mbili.
Huu ni wa Kisumu, akasema,
na huu wa kushoto ni wa nyumbani.
Sikumsahihisha.

Barua imeandikwa kwa adabu.
Mradi umefika tamati. Ufadhili.
Tunathamini mchango wako.
Mkono utarudi kwenye sanduku lake lenye sponji,
sanduku litarudi lilikotoka.
Vijisindano vitabaki. Kuving'oa ni hatari kuliko kuviacha.
Kwa hiyo nina mlango kichwani,
na nje ya mlango walishabomoa nyumba.

Alhamisi ya mwisho Otuoma hakuniamuru kitu.
Fanya unavyotaka, akasema, akageukia dirisha.
Nikaufungua ule mkono, kiganja juu.
Nikakikuna kwa kucha za kushoto,
katikati kabisa, pale pale.
Nilichokisikia
sikumwambia aandike.

Mkono mtupu haurambwi, ndivyo tulivyofunzwa.
Hakuna aliyesema lolote
kuhusu mkono usiokuwepo kabisa
ambao bado unatumwa kazi.

Jioni, Malava. Mrenda umeiva, moto nimeupunguza.
Natia chumvi kwa kijiko, kwa kushoto.
Halafu vidole vitatu vya kulia vinakutana
na kunyunyiza,
na ndani kule, najua, bisi zinapasuka
wala hakuna aliye jikoni.

Imbuga anaonja. Anakunja uso.
Kukhu, leo umetia mara mbili.