Kisanduku Chekundu

Umeme umerudi Newala saa tatu usiku.
Nafungua programu ya ratiba, najaza tena:
Hisabati, Darasa la Sita A, Nangoma.
Hisabati, Darasa la Sita B, Nangoma,
yaani mimi.
Jumatatu, kipindi cha pili.

Kisanduku kinawaka chekundu:
mwalimu mmoja hawezi kuwa
madarasa mawili kwa wakati mmoja.

Hawezi?
Tangu Hokororo ahamie Ruangwa
nasimama barazani, kati ya milango miwili,
chaki mkono huu, rula mkono ule.
"Nyuzi tisini!" kwa hawa.
"Andikeni!" kwa wale.
Kompyuta haijui ukuta wetu haukufika juu.

Nafuta jina langu upande wa B.
Nawaza. Naandika: Nangoma Mdogo.

Kijani.

Kesho asichelewe tu.