Samaki wa Mahameli

Tartu kuna mtaa uitwao Mji wa Supu,
na njia zake zina majina ya kulika:
Njegere, Maharage, Viazi.
Nilipanga chumba cha darini, Njia ya Viazi,
nyumba ya mbao, ngazi ya nne hulia, na ya tisa.
Chini yangu Heljo, mshona mapazia ya jumba la maigizo,
mstaafu. Chini yake Arvet,
ambaye Heljo hakusemezana naye
tangu bomba lipasuke na dari kumwagika.

Paka wa Heljo aliitwa Tuhk, yaani Majivu:
mnene, na nyayo zisizojua udongo.
Desemba, jua likifunga duka saa tisa na nusu alasiri,
Heljo alitia shayiri kwenye kopo la mtindi,
akainyunyizia maji kwa vidole vitatu
kama abarikiaye.
Siku ya nne ncha nyeupe zikachungulia;
siku ya nane lilikuwa shamba,
upana wa kiganja, kijani peke yake
katika dirisha zima la theluji.

Tuhk akalijia kama mkaguzi wa serikali.
Akanusa. Akalaza kichwa upande,
akatafuna kwa magego, kruch, kruch,
kisha akashuka, akapita mbao zote
zilizo rahisi kufutika,
akaenda kutapika zuliani.
Wanasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki.
Heljo akapiga magoti na kitambaa:
kidonge cha manyoya, na majani mawili mazima
kama barua iliyorudi bila kufunguliwa.
"Afadhali kitoke," alisema, "kuliko kikae."

Kiangazi akataka kumfurahisha zaidi.
Akapanda mnanaa wa paka nyuma ya banda la kuni,
akauzungushia waya dhidi ya walevi wa jirani.
Majani yenye vinyweleo, kingo za msumeno,
maua meupe yenye madoa ya zambarau.
Ulipochanua akaukata, akauning'iniza jikoni kichwa chini,
na harufu ikapanda hadi kwangu:
mnanaa uliogombana na limau.
Akatoa kipande cha pazia la zamani,
mahameli mekundu yaliyoona vifo vingi vya uongo,
akashona samaki, akamshindilia majani makavu.

Tuhk akamtazama samaki.
Tuhk akamruka samaki.
Tuhk akaenda kulala kwenye sinki.

"Ni damu, Heljo," nilimwambia.
"Wengine huzaliwa hivyo. Mlango upo,
ufunguo huu si wake."
Hakujibu. Aliosha kikombe kilichokwisha oshwa.

Usiku ngazi ya tisa ikalia. Kisha, baada ya muda mrefu,
ya nne.

Asubuhi samaki alining'inia kwenye kitasa cha Arvet.
Huyo naye ana Kapral, dume la jicho moja,
sikio limeraruka, mpostani anamjua kwa kovu.
Nilishuka na ndoo ya taka, mlango u wazi, nikaona:
Kapral amekumbatia samaki, anagaagaa,
anadondosha mate, anampiga mateke ya nyuma,
mzee mzima amerudi utotoni bila nauli.
Dakika kumi. Halafu basi,
akaketi kama aliyesahau jina lake.
Arvet, soksi mguu mmoja, alicheka
mpaka akashika ukuta.

Hakuja kushukuru. Huku maneno
hutolewa kama sarafu za mwisho wa mwezi.
Jumamosi alipanda na spana
kukagua bomba ambalo halikuwa bovu tena.
Nikasikia chuma kikigonga chuma,
birika la kahawa likianza kunung'unika,
kimya kirefu, kisha sauti ya mwanamume:
"Hii ni ngano?"
"Shayiri."
"Aa. Shayiri."

Sasa dirishani kuna makopo mawili.
Juu ya moja Tuhk amelala, ameyaponda majani yote,
hataki kuamshwa.
La pili lilishuka jana, limefungwa gazetini.
Saa hii, kupitia sakafu mbili,
namsikia Kapral akikohoa.
Zuliani, bila shaka.