Darubini ya Kuazima

Nilishuka Usinge saa tisa za usiku,
garimoshi likaondoka kuelekea Nguruka na usingizi wangu.
Begani, darubini ya mwalimu Luhende wa baiolojia,
aliyenikabidhi kama anayekopesha jicho:
"Uirudishe. Na uniambie kama domo-kiatu angalipo."

Kufika Ziwa Sagara ni pikipiki, vumbi, mabani ya tumbaku,
mizinga ya nyuki juu ya miyombo
kama miguu ya watu waliopanda wakakataa kushuka.

Mihayo alinisubiri pale nchi kavu inapoanza kusitasita:
hatua hii udongo, hii tope, hii maji,
hii huijui.
"Mwangaluka," akasema, akinipima uzito kwa macho,
akanionyesha pa kukaa. Katikati, wala usiiname.

Mtumbwi wa mninga, ufa umezibwa kwa lami na kipande cha kanga;
neno moja tu la jina lake lilisomeka: MAJIRANI.
Pondo likazama, likaibuka na tope jeusi
lenye harufu ya yai na chuma.

Alikuwa akionyesha kwa kidevu, mikono ina kazi.
Kule mdiria, amesimama hewani kama aliyesahau alichojia.
Kule furukombe. Kule mnandi kaanika mbawa,
koti la mvua la mlinzi aliyemaliza zamu.
Kandege kembamba kakapita juu ya majani ya yungiyungi,
vidole virefu kuliko haja, jani halizami,
kama mdeni anavyopita mbele ya duka.

Nzohe tulimwona masikio tu.
Viboko tuliwasikia, tukawapa njia,
Mihayo akisema neno ambalo si la kuandika.

Na yule mwenyewe tulimngoja hadi saa sita,
kando ya mafunjo, kimya, nzi wakitutambaa shingoni.
Miaka kumi na mmoja, alisema, analeta watu hapa:
Wajerumani wawili, daktari wa Urambo na wanawe,
bwana mmoja aliyelia alipomwona,
na wengine walioona mafunjo, wakalipa, wakaenda zao.
"Yeye hasimami kwa ajili yetu.
Anasimama kwa ajili ya kamongo."

Nikamuuliza, umewahi kutazama kwa hii?
Akatikisa kichwa. Wageni huzibeba kama kichanga.
Nikamvisha ukanda.
Akaketi, akalaza pondo magotini,
na badala ya kuelekea mafunjo
akageukia tulikotoka,
ukingo ambao kwangu ulikuwa mstari wa kahawia tu.

Akanyamaza. Kisha polepole, kama anayesoma barua:
"Bati moja limeinuka, upande wa mashariki.
Nyanzala anaanika perege.
Mtoto kamlaza chini ya kichanja.
Kavaa viatu vyangu vya kanisani!
Sasa anatazama huku."
Akacheka, akashusha darubini, akainua mkono,
na juu ya maji yote yale akampungia
mtu asiyeweza kumwona.

Ndipo nyuma yetu mafunjo yakatoa sauti
ya mlango mkubwa unaofunguliwa na asiye na haraka.
Kivuli cha kijivu kikapita juu ya magoti yangu.
Tulipogeuka, mabua yalikuwa bado yanayumba,
maji yana duara, na duara, na duara.

"Ndiye?"
"Ndiye," alisema Mihayo, darubini bado shingoni mwake.
Akavuta pumzi. "Au korongo tu."

Sasa niko Tabora, tope halijatoka kwenye kucha.
Kesho mwalimu ataniuliza.
Nitamwambia yupo, nilimwona magotini.
Kwenye kioo cha kulia pana alama ya kope
ambazo si zangu, wala si zake.
Sijaifuta.