Uyoga kwa Bei ya Vitunguu

Saa saba usiku, Tartu. Mto umeganda,
na mimi, fundi wa lifti wa miaka hamsini na sita,
nimekaa jikoni, soksi mbilimbili miguuni,
namfunza adabu mtu nisiyemjua.

Hana sura. Anajiita Kisu cha Siagi.
Picha yake ni picha ya kisu cha siagi.
Tulianza na mashine za kujilipia dukani:
je, ukipima uyoga
ukabonyeza kitunguu, umeiba?
"Umeiba." Neno moja na nukta.
Ile nukta ndiyo iliyoniudhi.

Nikamwaga vyote nilivyonavyo:
kwamba duka limemfukuza Leelo
aliyekaa kwenye kaunta ile miaka kumi na tisa,
aliyejua kuwa mama yangu huchanganya sarafu
akamhesabia polepole bila kumwaibisha;
kwamba sasa mimi ndiye keshia wangu, bila mshahara,
na punda anayebebeshwa mzigo bure
asilaumiwe akionja majani njiani.

"Punda hatembei na risiti ya uongo," akajibu.

Basi tukatoka dukani tukaingia bungeni.
Kura ya mtandaoni: mimi naiamini, yeye haiamini.
Kamera langoni mwa shule: yeye anazitaka.
Mimi nimefunga kumi na mbili kwa mikono hii,
najua zinavyopofuka theluji ikipiga.
Lifti inayosema "karibu": hapo tuliafikiana
kuwa ni upuuzi mtupu, kisha tukanyamaza dakika nzima
kama watu waliogongana mlangoni mwa choo.

Mtu wa tatu akaingia, akatutukana sote, akaenda zake.

Virve akaamka kunywa maji.
"Unagombana na nani?"
"Na mtu."
"Mtu gani?"

Kweli, mtu gani?
Friji yeye huiita sanduku la baridi,
neno nililolisikia mara ya mwisho kinywani mwa bibi.
Pengine alizaliwa Toronto, kwa wazazi waliokimbia vita,
akairithi lugha yetu kama kabati:
nzito, ya kizamani, haipiti mlangoni.
Pengine kwake ni jioni, anamenya viazi.
Pengine ni mama wa watu, na mimi wiki tatu
namwita bwana wee, sikiliza bwana wee.
Sikumwuliza. Katika vita vya maneno
anayeuliza hali ameshaweka ngao chini.

Jana akaandika maneno marefu.
Aliwahi kuwa mhasibu. Alizifuata senti zinazopotea
akaona zinakokatwa: si kwa mwenye duka,
bali kwa kijana anayepanga rafu.
Nikamjibu kwa takwimu. Zilikuwa takwimu nzuri,
nusu yake nilizikumbuka vibaya.
Akakaa kimya. Nikaona anaandika, anaacha, anaandika.
"Sawa, umenishinda"
Bila nukta.

Nikazima taa nikiwa mshindi,
usingizi ukanipiga chenga hadi alfajiri.

Asubuhi, dukani: uyoga, gramu mia mbili na arobaini.
Mashine ikauliza kwa sauti ya muuguzi, nini hiki?
Kidole kikaelekea kwenye kitunguu
kikakwama, kama lifti kati ya ghorofa mbili.
Nyuma yangu kijana alikuwa akipanga maziwa,
anapiga mluzi vibaya, kibandiko cha jina kimepinda: Jaagup.

Nikabonyeza uyoga.
Euro tatu na senti kumi zaidi. Nililipa kwa hasira
kama anayelipa deni la shemeji.

Sijamwambia. Ningeanzia wapi?
Usiku huu kitone chake cha kijani hakijawaka.
Nimeandika "Upo?", nikafuta.
Nimeandika kuhusu ushuru wa magari, nikafuta.
Wazo limenikaa kooni kama mwiba wa samaki:
huko aliko, asubuhi au jioni,
amesimama mbele ya mashine, uyoga mkononi,
anazikumbuka hoja zangu zote, Leelo, punda, takwimu,
na kidole chake kinatafuta kitunguu