Kulingana si Kufanana

Gitaa la baba lilibaki na sauti moja,
ile ya shingoni, nzito, ya moto kama uji.
Kinasa cha darajani kilikufa mwaka mmoja kabla yake
naye hakukizika. Aliiacha swichi juu,
akaendelea na tango zake
katika kumbi za mbao kando ya ziwa, kiangazi,
watu wakizungushana bila kutabasamu,
kwa kuwa sisi Wafini tukifurahi sana hununa.

Mimi naendesha tramu, hapa Tampere, njia ya tatu.
Siku ya mapumziko nilikwenda kwa Aulikki Rantala,
theluji imeniganda kwenye kope,
nikamwambia: nataka kinasa cha darajani chenye hasira,
kikali kuliko vyote ulivyowahi kuviunda.
Hakujibu. Alichomeka waya, akagonga uzi kwa ukucha,
akatega sikio kama mtu aliyesikia hodi.

"Huyu aliyebaki ni mpole.
Ukimletea jirani wa kupiga kelele,
kila ukigeuza swichi watu watadhani mlango umebamizwa."

"Basi nipe pacha wake."

"Pacha pia hafai."

Akaniita dirishani, akauvuta uzi mnene, akauachia.
"Tazama. Hapa shingoni uzi unacheza kwa mabega na nyonga.
Pale darajani umefungwa miguu,
unatetemeka tu, kama mtu anayejizuia kulia kanisani.
Wa pale ahitaji masikio zaidi.
Ukiwapa shaba sawa kwa sawa, mmoja ataonekana bubu.
Vidole vyako vyenyewe, binti, vipime."

Aliingia kiwanda cha pamba akiwa na miaka kumi na sita,
akizungusha nyuzi kwenye vibiringo, karibu na maporomoko,
hadi mashine zikauzwa na jengo likawa mikahawa.
Vidole havikuambiwa kwamba kazi imekwisha.
Sasa ni waya wa shaba, mwembamba kuliko unywele wa mtoto,
unaokatika ukiupumulia vibaya.
Kile cha shingoni alikikadiria kwa mita:
mizunguko elfu saba na mia tisa.
Cha darajani akakipangia elfu nane na mia sita.
Kaunta yake huganda ikifika elfu sita,
zilizobaki anazihesabu kwa mdomo,
na nilipouliza bei alininyooshea kiganja.

Tena alizungusha kinyume,
na sumaku akazigeuza kichwa chini.
"Mmoja akienda kulia, mwenzake aende kushoto.
Wakiamka pamoja, mvumo wa umeme wa huyu
unamezwa na mvumo wa yule. Muziki unabaki."
Nilimkumbuka mama, zamu ya usiku hospitalini,
na baba, zamu ya mchana bohari ya reli.
Jumapili walikaa meza moja, redio imezimwa.
Sikusema kitu. Yeye alikuwa analehemu,
moshi mdogo unampita kwenye miwani.

Alipofungua bamba tulikuta maandishi ya penseli ndani ya mbao:
*Taisto, 1974. Usiguse.*
Akacheka mara ya kwanza tangu niingie,
akakohoa, akaniomba nimshikie taa.

Nyumbani, saa tisa alasiri, giza limeshatanda.
Amplifaya ndogo juu ya kiti cha jikoni.
Shingoni: baba, mzima mzima.
Darajani: mtu mwingine, mwembamba, mwepesi wa maneno,
lakini hakupayuka, alisema kwa kimo kilekile.
Halafu katikati, wote wawili,
na ule mvumo niliodhani ndio hewa ya gitaa hili
ukakatika ghafla,
nikasikia friji,
nikasikia jirani wa juu akivua viatu,
kimoja,
nikangoja cha pili.
Nikapiga kodi tatu ninazozijua. Moja na nusu nilikosea.

Chini ya bamba sasa kuna mistari miwili.
Wa pili ni wa mwandiko wa kiwandani, herufi zimelala upande:
*Samahani, Taisto. Tumegusa.*