Nasaba ya Murga

Barua imebandikwa mlangoni pa duka la mkate
kwa gundi nyingi, kana kwamba upepo nao ungeipinga.
Kabla ya theluji ya kwanza, inasema,
kila mbwa asiye na cheti cha nasaba
apelekwe akahasiwe. Atakayekaidi, faini.

Nimeshuka mlimani kwa miguu, saa nne,
jibini mbili mgongoni: moja ya kuuza
na moja, nisifiche, ya kumlainisha Bwana Dragomir.
Hakuipokea. Namheshimu kwa hilo.

"Jina la mbwa?"
Murga.
"Aina?"
Mbwa wa kondoo.
"Hiyo ni kazi, mama. Mimi nauliza aina."
Nikanyamaza. Akasogea chini kwenye kompyuta,
na penye nasaba akaandika: Hana.

Hana?
Andika, mwanangu, vidole vyako bado vyepesi.
Murga binti Zurla.
Zurla alizaliwa chini ya kitanda changu
usiku ule Onufrie wangu alipokuwa akikohoa mara ya mwisho;
juu pumzi inatoka, chini pumzi inaingia,
nami sina mikono ya kutosha.
Zurla binti Bitsa, mwenye jicho moja.
La pili alimwachia dubu kwenye misonobari ya Runku,
na dubu naye hakuondoka mzima.
Bitsa binti wa jike mweupe asiye na jina,
baba mkwe alimpata ng'ambo ya mto
kwa kubadilishana na saa yake ya mkononi.
Kijiji kizima kilimcheka.
Saa ilisimama mwaka uleule.
Yule mweupe hajasimama: anakimbia bado
ndani ya miguu ya Murga.

Muhuri ndio sina.
Kijibwa cha mke wa meya kinao muhuri,
kinapumua kama filimbi iliyopasuka,
hakijawahi kuona kondoo ila sahanini,
na kizazi chake ki salama kisheria.

Usinielewe vibaya. Kisu sikichukii.
Paka wangu dume nilimbeba mwenyewe kikapuni
hadi kwa Daktari Zamfira, nikalipa kwa mayai.
Na wale watoto wa mbwa wa mwezi wa tatu,
waliotupwa ndani ya gunia chini ya daraja,
nani aliyeingia majini? Mimi.
Wanne walikuwa wa baridi tayari.
Wa tano analala leo miguuni pa mwalimu.
Kwa hiyo najua barua hii ilitoka wapi,
najua ni huruma iliyoianza.
Lakini aliyefunga lile gunia mnamjua.
Ana gari jekundu. Jumamosi mnakunywa naye.
Samaki mmoja kaoza, basi mtungo mzima mtoni?

Bwana Dragomir akavua miwani.
"Sheria ni msumeno, mama."
Msumeno naujua. Nimejenga zizi kwa mkono huu.
Fundi hupima kwanza.
Njoo upime: panda juu mwezi mmoja tu,
ulale nje, usikie mbwa mwitu wanavyoitana.
Wao hawajabandikiwa barua.
Wao wanazaa.
Na siku Murga atakaposhindwa kuinuka,
nani atasimama kati yao na kondoo wangu,
wewe na kompyuta yako?

Hakunijibu. Alinifungulia mlango,
akaniambia ngazi zinateleza.

Nimerudi jioni na jibini ile moja,
na ile hela ya nyingine imeishia kwenye chumvi na betri.
Wanasema mkono mtupu haulambwi.
Murga ameulamba wangu, huu na huu,
kisha akageuka kuusikiliza msitu.

Kilele bado cheusi.
Kila asubuhi tunakitazama, mimi na yeye.
Yeye anadhani tunahesabu kondoo.